Dawa ileile, dozi ileile: Jinsi upungufu wa oksijeni unavyobadili sumu ya dawa

Ni vigumu kuingia katika duka la dawa huko Butembo, Beni au kwenye vilima vya Vuhovi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ukakosa metronidazoli. Wengi wanaijua kwa jina la biashara, Flagyl. Wengine huomba tu "dawa ya amibe". Tumbo likisokota, ufizi ukivimba, mtoto akiharisha damu, hiyo ndiyo tembe inayotajwa kwanza, mara nyingi bila cheti cha daktari.

Wanaoimeza ni wengi, lakini wachache wanajua kwamba tembe hiyo inapoingia mwilini bado haijawa dawa. Ni mfano wa mbegu inayosubiri udongo wake. Udongo wa metronidazoli ni mahali ambapo oksijeni ni kidogo au haipo kabisa. Ikifika hapo, inaamka na kuua. Ikikuta oksijeni ya kutosha, inarudi kulala.

Tabia hiyo imewafundisha wanasayansi jambo kubwa: sumu ya dawa haimo ndani ya tembe peke yake. Inategemea pia seli inayoipokea ina oksijeni kiasi gani. Ndiyo maana dawa ileile, kwa dozi ileile, inaweza kuua seli moja na kuiacha jirani yake salama.

Kwa wakazi wa Kivu Kaskazini, suala hili haliko mbali. Kati ya mwaka 2018 na 2020 waliishi katikati ya mlipuko mkubwa wa Ebola na majaribio ya dawa zake, na wengi waliuliza waziwazi: dawa hizi zimepimwa wapi, na nani ana hakika hazitatuua? Jibu linaanzia kwenye kisahani kidogo cha maabara, na kwenye hewa inayokizunguka.

Ufizi uliofichua siri

Metronidazoli ilitoka katika maabara za kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutibu trikomona, kimelea kinachosababisha muwasho na majimaji ukeni. Hakuna aliyeitarajia ifanye zaidi ya hapo.

Mwaka 1962, jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha taarifa fupi kuhusu jambo lisilotarajiwa. Mgonjwa aliyekuwa akitumia dawa hiyo kwa ajili ya trikomona alipona pia ufizi uliokuwa umeoza kwa vidonda. Vidonda hivyo husababishwa na bakteria wanaoishi mahali pasipo na oksijeni. Miaka michache baadaye ilithibitika kuwa dawa hiyo inaua pia amiba wanaosababisha kuhara damu na majipu ya ini. Mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, metronidazoli ilikuwamo.

Viumbe hao wote, trikomona, amiba na bakteria wa ufizi, wana jambo moja linalowaunganisha: wanazalisha nguvu zao bila kutegemea oksijeni. Ndani yao mna vimeng'enya vinavyoikabidhi metronidazoli elektroni. Ikishapokea elektroni hizo, molekuli ya dawa hugeuka kuwa kitu kikali kinachokata nyuzi za DNA, na kimelea hufa.

Katika seli ya binadamu yenye oksijeni ya kutosha mambo huenda kinyume. Hata dawa ikipokea elektroni, oksijeni huinyang'anya mara moja. Dawa hurudi katika hali yake ya mwanzo, bila makali. Kwa maneno mengine, oksijeni ndiyo ngao inayomlinda mgonjwa dhidi ya dawa anayoimeza.

Visahani viwili, hewa mbili

Katika miaka ya 1970 watafiti waliuliza swali ambalo leo linaonekana la kawaida. Ikiwa oksijeni ndiyo ngao, itakuwaje ngao hiyo ikiondolewa kwa seli zetu wenyewe?

Walichukua seli za mamalia, mara nyingi za panya aina ya hamsta, wakaziotesha kwenye visahani. Kisahani kimoja kiliachwa katika hewa ya kawaida. Kingine kiliwekwa katika hewa ambayo oksijeni yake ilikuwa imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na naitrojeni. Kisha vyote viwili vilipewa dawa za ukoo wa metronidazoli kwa kiwango kilekile.

Seli zilizokuwa na oksijeni zilivumilia. Zilizokosa oksijeni zilikufa kwa wingi zaidi. Seli zilikuwa za aina moja na dozi ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa hewa tu.

Msomaji asishtuke. Viwango vilivyotumika kwenye visahani vilikuwa vikubwa kuliko vile vinavyopatikana katika damu ya mtu anayetumia tembe kama alivyoelekezwa. Lakini majaribio hayo yalifungua mlango mwingine: saratani.

Tangu mwaka 1955, watafiti wa Uingereza, R. H. Thomlinson na L. H. Gray, walikuwa wameonyesha kuwa uvimbe wa saratani hukua haraka kuliko mishipa yake ya damu. Seli zilizo mbali na mshipa hubaki na oksijeni kidogo sana. Seli hizo ndizo sugu, kwa sababu mionzi inahitaji oksijeni ili iharibu DNA kikamilifu. Ili kuua seli isiyo na oksijeni, dozi ya mionzi hulazimika kuongezwa hadi karibu mara tatu.

Hapo ndipo dawa za ukoo wa Flagyl zilipoonekana kama ufunguo, kwa kuwa zinaweza kufanya kazi palepale oksijeni inapokosekana. Mwaka 1976, madaktari wa Canada walitoa matokeo ya kuchanganya metronidazoli na mionzi kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Ndugu yake, misonidazoli, ilifuata, lakini iliharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, hivyo dozi haikuweza kupandishwa. Ndugu mwingine mpole zaidi, nimorazoli, ndiye aliyefanikiwa: nchini Denmark anatumika pamoja na mionzi kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo.

Zipo pia dawa zinazofuata njia ya pili. Bleomisini, ambayo imetumika Afrika Mashariki kutibu saratani ya Kaposi, inahitaji oksijeni ili ikate DNA. Kwenye seli iliyokosa oksijeni makali yake hupungua. Kwenye pafu, ambako oksijeni ni tele, inaweza kuacha makovu, na madaktari wa nusukaputi hutahadharishwa wasimpe oksijeni nyingi kupita kiasi mgonjwa aliyewahi kuitumia.

Kwa hiyo hakuna kanuni moja kwamba oksijeni ikipungua sumu huongezeka. Kila dawa lazima iulizwe peke yake.

Hewa ambayo seli haijawahi kuipumua

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi swali hilo halikuulizwa. Maabara nyingi duniani huotesha seli katika kabati la joto lenye nyuzi 37, lililojaa hewa ya kawaida iliyoongezwa asilimia 5 ya kaboni dioksidi. Ndani yake oksijeni ni kati ya asilimia 18 na 19.

Ndani ya mwili, hakuna seli ya ini wala ya ubongo inayoishi katika hewa ya namna hiyo. Damu inayotoka mapafuni ina kiwango kinacholingana na asilimia 13 hivi. Ini hupata kati ya asilimia 4 na 9, kutegemea sehemu. Ubongo hupata karibu asilimia 4 au 5. Katikati ya uvimbe wa saratani kinaweza kushuka chini ya asilimia 1. Wanachokiita watafiti "hewa ya kawaida", kwa seli ya ini ni mafuriko ya oksijeni.

Seli huitambua tofauti hiyo. Mwaka 2019, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kueleza jinsi inavyofanya hivyo. Kuna protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwepo, protini hiyo huwekewa alama na kuvunjwavunjwa. Oksijeni ikipungua, HIF hubaki, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni. Seli hubadili namna inavyotumia sukari, huagiza mishipa mipya ya damu, na baadhi huongeza pampu zinazosukuma dawa nje.

Ini ndilo linaloonyesha wazi kwa nini jambo hilo ni muhimu. Damu huingia kwenye vijisehemu vya ini ikiwa na oksijeni zaidi na kutoka ikiwa na pungufu. Mtu anayemeza parasetamoli nyingi kupita kiasi huanza kuungua ini upande ule wa pili, wenye oksijeni kidogo, kwa sababu huko ndiko vimeng'enya vinavyoigeuza dawa hiyo kuwa sumu vimejaa zaidi. Seli za ini zikioteshwa zote katika hewa moja, ramani hiyo hufutika.

Vimeng'enya vingi vya ini vinavyosafisha dawa navyo hutumia oksijeni kufanya kazi. Mgonjwa mwenye nimonia kali au mshtuko wa mwili, ambaye viungo vyake vinakosa oksijeni, anaweza kuchelewa kuiondoa dawa mwilini kuliko mtu mzima wa afya.

Hata mahali maabara ilipo panahesabika. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya Mombasa au Dar es Salaam, lakini shinikizo lake ni karibu asilimia 80 tu ya lile la pwani. Kabati la seli likiwekwa Butembo na jingine Mombasa, yote yakiwa yameandikwa "hewa ya kawaida", seli zake hazitapata oksijeni sawa. Hilo halimaanishi kwamba mkazi wa Butembo anadhurika zaidi na dawa, kwani damu ya mtu mwenye afya hubeba oksijeni ya kutosha katika kimo hicho. Maana yake ni kwamba kipimo cha maabara kisichotaja oksijeni yake ni kipimo nusu.

Dawa ya Congo iliyokwama kwenye kipimo

Wacongo wana mfano wao wa jambo hili: feksinidazoli, dawa ya malale.

Ugonjwa wa malale huenezwa na mbung'o, na wagonjwa wengi zaidi wa aina ya Gambiense wamekuwa wakipatikana Congo. Kwa miongo mingi, vimelea vikishafika kwenye ubongo, tiba ilikuwa melasoproli, dawa yenye aseniki ndani yake. Iliua takriban mgonjwa 1 kati ya kila 20 waliotibiwa nayo.

Feksinidazoli ni ya ukoo mmoja na Flagyl. Ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani na kisha kuwekwa kabatini, mpaka shirika la DNDi lilipoifufua katikati ya miaka ya 2000. Kikwazo kilijitokeza mapema. Katika kipimo cha Ames, ambacho hutumia bakteria kuchunguza kama kemikali inaharibu jeni, dawa hiyo ilionyesha dalili za hatari.

Kwa dawa nyingine hapo ndipo safari ingeishia. Lakini wataalamu waliuliza: ni dawa inayoharibu jeni, au ni bakteria wanaoiamsha? Walirudia kipimo kwa bakteria waliopungukiwa vimeng'enya vya kuiamsha, na madhara yalipungua au kutoweka. Walipoipima kwenye seli za mamalia, madhara hayo hayakuonekana. Bakteria waliiamsha mbegu. Seli za mamalia hazikuiamsha.

Majaribio kwa wagonjwa 394 yaliyofanyika Congo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, yakiongozwa na Dkt. Victor Kande, yalionyesha kuwa baada ya miezi 18 tiba hiyo ya tembe kwa siku 10 ilifaulu kwa asilimia 91. Tiba ya sindano iliyokuwa ikitumika wakati huo ilifikia asilimia 98, lakini ilihitaji hospitali, dripu na wauguzi wa kutosha. Novemba 2018 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuikubali feksinidazoli, na Desemba Congo ikaisajili.

Kutoka kisahani hadi kitanda cha Butembo

Mwezi huohuo wa Novemba 2018, upande wa pili wa nchi, safari nyingine ya dawa ilikuwa ikianza. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti, ikianzia Mangina, kisha Beni, Butembo na Katwa. Ilifika pia katika eneo la afya la Vuhovi. Hadi ilipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287.

Tarehe 20 Novemba 2018 yalianza majaribio yaliyopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Congo, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, iliyaendesha pamoja na taasisi za afya za Marekani katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne, na kila mgonjwa alipangiwa moja kwa kura.

Mazingira yalikuwa magumu. Wapo walioamini kuwa watu wa Beni na Butembo wamegeuzwa panya wa maabara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa WHO kutoka Cameroon, aliuawa hospitalini Butembo akiwa kazini.

Majaribio yaliendelea, na tarehe 9 Agosti 2019 yalisitishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Wagonjwa 681 walikuwa wameingizwa. Kati ya waliopewa REGN-EB3 walikufa asilimia 33.5, na kati ya waliopewa mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, asilimia 35.1. Kwa ZMapp vifo vilikuwa asilimia 49.7, na kwa remdesivir asilimia 53.1.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayorudisha habari kwenye kisahani. Remdesivir ilikuwa imevizuia virusi vya Ebola vizuri katika seli za maabara. Mwaka 2016 iliripotiwa kuwa iliwaokoa tumbili wote waliopewa dozi ya juu siku tatu baada ya kuambukizwa. Nayo ni mbegu kama Flagyl, ingawa haiamshwi na ukosefu wa oksijeni: ni lazima seli yenyewe iigeuze ndipo ifanye kazi, na seli hazifanani katika kazi hiyo. Kwenye vitanda vya Beni na Butembo, ambako wagonjwa wengi walifika siku kadhaa baada ya kuanza kuugua, haikufua dafu mbele ya kingamwili.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Tirapazamini, dawa ya saratani iliyoua seli zisizo na oksijeni makumi ya mara zaidi ya zile zenye oksijeni, iliingizwa katika jaribio la wagonjwa zaidi ya 800, na matokeo ya mwaka 2010 yakaonyesha haikuwaongezea uhai. Mwaka 2020 klorokwini ilizuia virusi vya corona katika seli za figo za tumbili, lakini katika seli za pafu la binadamu haikuvizuia, na wagonjwa hawakunufaika.

Kisahani hakisemi uongo. Hujibu swali kiliyoulizwa, kwa seli zilizomo na hewa iliyomo. Kazi ya kitanda ni kuuliza tena, kwa mtu mzima mwenye ini, mapafu na homa yake, akiwa amekubali na akiwa analindwa. Wagonjwa 681 wa Kivu Kaskazini walijibu swali ambalo hakuna maabara iliyoweza kulijibu, na kutokana na majibu yao dawa mbili zilipata idhini nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2020: Inmazeb na Ebanga.

Mtoto anayeharisha damu

Somo hili linamrudisha msomaji kwenye lile duka la dawa.

Mzazi wa Vuhovi anayempa Flagyl mtoto anayeharisha damu anaamini ametibu amibe. Lakini kwa watoto wadogo, kuhara damu mara nyingi zaidi husababishwa na bakteria aitwaye Shigella. Bakteria huyo huishi vizuri kwenye oksijeni, na metronidazoli haimuui. Tembe inamezwa, siku zinapita, na mtoto anazidi kukauka maji. Mwongozo wa WHO unataka mtoto wa namna hiyo apewe kwanza antibayotiki inayomfaa Shigella, pamoja na maji ya chumvi na sukari na madini ya zinki. Metronidazoli husubiri mpaka kipimo kionyeshe amiba, au tiba ya kwanza ishindwe.

Kuharisha maji bila damu, ambako mara nyingi huletwa na virusi, hakuhitaji Flagyl hata kidogo. Na katika eneo lililowahi kuonja Ebola, kutapika, homa na kuhara si mambo ya kumaliza dukani.

Kwa anayeandikiwa dawa hiyo na mhudumu wa afya, maelekezo ni machache. Amalize dozi na asibakize tembe za kesho. Asinywe pombe wakati wa tiba na siku chache baada yake. Ladha ya chuma mdomoni na mkojo wa rangi ya kahawia vinaweza kutokea na huisha. Lakini ganzi au kuchomwachomwa kwenye vidole vya mikono na miguu, hasa kwa aliyeitumia muda mrefu au mara kwa mara, ni dalili ya kurudi kituo cha afya haraka.

Tembe ile ni moja, kwenye rafu ya Butembo na ya Beni. Kinachoamua kama itaponya, itadhuru au itapita bure ni mahali inapotua, na hilo mwenye duka hawezi kuliona kwa kumtazama mteja aliyesimama mbele yake.